Panya Huuma na Kupuliza

Somo: 1 Samweli 6:1-5; Luka 10:33-34



Wazee wetu walisema kwamba panya huuma na kupuliza. Walikuwa wakituonya juu ya rafiki mnafiki, lakini kila mama aliyelala na watoto katika tembe anajua msemo huu ulitoka wapi. Mtoto amekula ugali na mlenda, akalala pasipo kunawa. Usiku panya hufuata harufu ya chakula vidoleni mwake. Asubuhi yaonekana alama ndogo tu, nayo hupona upesi.

Hapo ndipo penye hatari. Mdomoni mwa panya mna vijidudu viingiavyo katika jeraha lile. Mara nyingi baada ya siku 3 hadi 10, kidonda kikiwa kimekwisha kufunga na kusahauliwa, homa huanza ghafula, pamoja na kutetemeka, kutapika, maumivu ya viungo, na vipele mikononi na miguuni. Sisi husema ni malaria, au twaanza kumtafuta jirani aliyeroga. Kumbe ni homa ya kuumwa na panya. Penisilini huiponya, ikiachwa bila dawa, yaweza kufika hata moyoni na kuua.

Wafilisti walipopigwa kwa majipu, na panya wakaiharibu nchi yao, hawakuficha. Walitengeneza majipu matano na panya watano wa dhahabu, wakayapeleka pamoja na Sanduku la Bwana, watu wote wakiona. Wapagani wale waliikiri taabu yao. Je, sisi? Wengi twanyamaza, tusije tukaambiwa kwamba nyumba yetu ni chafu. Haya ya namna hiyo yaweza kumpoteza mtoto.

Ndugu zangu, mtama na uwele vikiingia ndani baada ya mavuno, panya naye huingia, kwa tajiri na kwa maskini. Wala kuuma si njia yake pekee. Huko Lushoto, tangu mwaka 1980, tauni iliwaua wengi kwa njia ya viroboto vya panya. Mkojo wake nao huweza kuleta homa ya mgunda, iliyozuka Lindi mwaka 2022.

Yule Msamaria hakumwuliza mtu aliyejeruhiwa kosa lake. Alishughulikia majeraha kwanza. Nasi tufanye vivyo hivyo. Aliyeumwa na panya aoshwe jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi, kisha apelekwe zahanati siku ile ile, apate na kinga ya pepopunda. Homa ikija baadaye, mwambieni daktari waziwazi, hata asipouliza: "Mtoto huyu aliumwa na panya." Kidonda kilichopona hawezi kukiona.

Na kabla ya hayo, watoto wanawe mikono na midomo kabla ya kulala. Chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro. Nafaka iwekwe katika pipa au debe lenye kifuniko, mashimo ya ukuta yazibwe kwa udongo, na panya aliyekufa asishikwe kwa mikono mitupu.

Dhambi nayo huuma na kupuliza. Hufunga juu, ikaendelea ndani, mpaka tuitaje mbele za Mungu. Tusimfiche Bwana jeraha letu, wala tusimfiche daktari. Wote wawili huanza kuponya pale tunaposema kweli.

Bwana azilinde nyumba zenu usiku na mchana. Amina.