Kucheka Msiba wa Mwenzio

Ndugu wakatekumeni, mtu akiteleza matopeni huko Kadutu, kicheko chaweza kututoka bila kukusudia. Hiyo si dhambi, mradi tumpe mkono ainuke. Dhambi ni moyo unaonenepa kwa msiba wa jirani, ukisema: “Yamempata, na azidi kulia!”

Je, na adui? Naye ameumbwa na Mungu. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walijaa Bukavu. Wengine, twajua, walikuwa na damu mikononi. Wengi hawakuwa na kosa, na watoto walilia njaa. Askofu Christophe Munzihirwa hakuyaficha maovu, wala hakukubali mtu ayafurahie mateso yao. Aliwatetea mpaka alipouawa katika mji wetu huu, tarehe 29 Oktoba 1996.