Jana Si Ilishuka?

Msomaji mwenzangu, wengi wetu tulipokuwa shule ya msingi tuliwahi kumwambia mwalimu kwamba tukikua tutarusha roketi. Mimi nilikuwa mmojawapo. Sikurusha hata kishada cha maana. Lakini hamu haikwisha yote, na mpaka leo nikikuta habari za wahandisi wa anga nazisoma hadi usiku wa manane. Ndivyo nilivyokutana na Roger Boisjoly, na tangu hapo sijamaliza kubishana naye kichwani.

Boisjoly alikuwa Mmarekani, mhandisi wa mitambo, aliyezaliwa mwaka 1938. Mwaka 1980 aliajiriwa na kampuni ya Morton Thiokol huko Utah, iliyotengeneza zile roketi mbili za pembeni zilizokuwa zikikisukuma juu chombo cha anga cha Marekani. Usidhani alikuwa akishinda anatazama nyota. Kazi yake ilikuwa mpira. Roketi ile ilikuja vipande vipande, na kila palipoungana vipande viwili palizungushiwa mipira miwili ya kuzuia moto usipenye. Ni ileile ambayo mafundi wa gereji zetu wanaiita oringi, ila hii upana wa duara lake ulikaribia mita 3.7, na unene wake ulikuwa kama wa penseli. Roho za watu zinashikiliwa na kitu kama penseli! Ndio utafiti wenyewe huo, bwana; mtu mzima na shahada yake anachunguza masizi.

Na masizi aliyaona. Mwezi Januari 1985, baada ya chombo kuruka siku ya baridi, alizikagua roketi zilizotumika akakuta weusi katikati ya mpira wa kwanza na wa pili. Maana yake gesi ya moto ilishaupita wa kwanza. Mpira ukipata baridi hukakamaa, unachelewa kurudia umbo lake. Tarehe 31 Julai mwaka huohuo akawaandikia wakubwa wake kwamba jambo hili lisiposhughulikiwa, watu watakufa.

Usiku wa 27 Januari 1986 ukafika. Chombo cha Challenger kilitakiwa kuruka kesho yake kutoka Florida, na utabiri ulisema kutakuwa na baridi ya kugandisha maji. Boisjoly na wenzake wakasema kwenye simu: chini ya nyuzi 12 msirushe. Wakubwa wa NASA hawakufurahi. Kampuni ikaomba dakika 5 za kuteta pembeni, zikageuka kama 30. Boisjoly na mwenzake, Arnie Thompson, wakasimama mbele ya mabosi na picha zao na michoro yao, wakaeleza mpaka wakaona hakuna anayewasikiliza. Wakakaa. Bosi mmoja akamwambia mkuu wa uhandisi avue kofia ya uhandisi, avae ya umeneja. Mabosi wanne wakaafikiana. Wahandisi hawakuulizwa.

Asubuhi Boisjoly hakutaka hata kutazama. Mwenzake Bob Ebeling ndiye aliyembembeleza. Walitegemea kitalipuka palepale chini. Kilipopaa, wakashusha pumzi. Sekunde ya 73 kikasambaratika angani. Watu saba.

Kinachonikera mimi si zile kofia. Ni swali lililogeuzwa usiku ule bila mtu kutangaza kuwa limegeuzwa. Siku zote mhandisi alitakiwa aoneshe kuwa chombo ni salama. Usiku ule akatakiwa aoneshe kuwa kitaharibika. Sasa nani anaweza kuthibitisha ajali ya kesho? Na upande wa pili walikuwa na ushahidi wao mzito: safari 24 zilishakwenda na kurudi. Tuwe wakweli, ushahidi huo si wa kijinga. Wewe na mimi tunaishi nao kila siku. Ngazi ilituhimili jana, leo tunapanda tena.

Boisjoly alitoa ushahidi mbele ya tume, wenzake kazini wakamnunia, mwishowe akaacha kazi akiwa hoi. Mwaka 1988 alipewa tuzo, akazunguka vyuoni kuwaeleza wanafunzi mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 2012. Ebeling alijilaumu miaka 30, akiamini kwamba mtu mwingine angelifanya vizuri zaidi. Zamani nilimwona anajionea bure. Alisema, hakusikilizwa, afanye nini tena? Siku hizi sina uhakika huo, kwa sababu ya kilichonitokea Ilula.

Nilikuwa natoka Iringa kwenda Dar. Basi liliposimama Ilula niliteremka kununua nyanya, nikamsikia utingo, kijana tu, akitoka uvunguni na kumwambia dereva kwamba breki za nyuma hazishiki vizuri. Mbele yetu kulikuwa na Kitonga, na anayeijua Kitonga anajua mteremko ule. Dereva hakukasirika hata kidogo. Akasema, “Jana si ilishuka?” Kijana akanyamaza.

Watu wengine hawakusikia, mimi nilisikia. Kwenye siti ya nyuma yangu alikaa mama mmoja na watoto wawili. Tangu Iringa tulikuwa tunagawana karanga. Nikafikiri nikisema nitaulizwa: wewe fundi? Una uhakika gani? Sikuwa na uhakika wowote. Nikamwambia kondakta tumbo linanisumbua, nashukia hapa.

Basi lile lilifika Dar salama. Nilipiga simu ofisini kwao jioni kuuliza. Kwa hiyo hakuna aliyekufa, na hakuna wa kunilaumu. Boisjoly alisema, watu wakafa. Mimi sikusema, watu wakafika. Ukitazama matokeo peke yake, mimi ndiye nimetoka safi, na hesabu hiyo inanitia kichefuchefu.

Yule utingo ndiye aliyenishushia begi. Alilishika kidogo kabla ya kunipa, akaniuliza kwa sauti ya chini, “Kweli ni tumbo, braza?”

Nikamwambia ni tumbo.