Madoadoa ya Yakobo

Baada ya ibada ndugu mmoja aliniuliza: "Pasta, neno likiwa la kawaida tu, dhambi iko wapi?"

Chukua madoadoa. Kwenye Mwanzo 30, mifugo ya madoadoa ndiyo mshahara wa Yakobo, na ndiyo iliyomtajirisha. Hapa kwetu, kwa ghasia za 1992 na za 2007, huko Bonde la Ufa neno hilo hilo liliwekwa kwa majirani wa kabila lingine. Mwaka 2022 tume ya uwiano, NCIC, ililitaja kati ya maneno ya chuki, pamoja na kwekwe na mende. Sasa angalia: doa husafishwa, kwekwe hung'olewa, mende hukanyagwa. Adhabu imeshatajwa kabla hujajua mtu mwenyewe anaitwa nani. Rwanda walitumia hilo la mende, inyenzi, na 1994 tunaijua.

Nilisomea biashara, na huko lebo ina kazi moja: mnunuzi asihitaji kufungua mkebe. Kwa maharagwe ni sawa.

Wengine hapa Kaloleni watasema ni utani tu. Utani upo, na makabila yametaniana miaka mingi bila kuumizana. Mimi hupima hivi: unaweza kumwambia usoni siku amefiwa? Kihii, kwa Kikuyu, ni kijana wa kiume ambaye hajatahiriwa, basi. Lakini ukimbandika baba mzima Mjaluo ili aonekane hafai kuongoza, huo si utani tena. Paulo aliyajua haya. Soma Waefeso 2:11, watu kuitwa "wasiotahiriwa" na wale wanaojiita waliotahiriwa. Ni kweli Daudi naye alimwita Goliathi hivyo, na sitaifunika. Ila Daudi aliishi kabla ya msalaba, na mistari mitatu mbele Paulo anasema ule ukuta umebomolewa. Sisi hatuna ruhusa ya kuujenga upya.

Halafu kuna Shibolethi, Waamuzi 12. Wengi wetu tunawakumbuka Waefraimu 42,000 waliokufa wakati huo, na wale waliokamatwa vivukoni kwa kushindwa kutamka neno moja. Mstari wa 4 tunauruka: Waefraimu ndio walikuwa wamewaita Wagileadi watoro. Jina lilitangulia panga.

Tutaisoma sura hiyo kwenye ushirika wa nyumbani Jumatano. Kila mtu aje na jina moja la watu wengine alilofundishwa kwao akiwa mtoto.