Mhunzi Katikati Yetu

Somo: 1 Samweli 13:19–22



Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli iko habari fupi ambayo wahubiri wengi huipita mbio, kwa kuwa wana haraka ya kumfikia Yonathani na mchukua silaha zake. Habari yenyewe ni hii: zamani za mfalme Sauli hakuwako mhunzi hata mmoja katika nchi yote ya Israeli. Wafilisti waliizuia kazi hiyo, wasije Waebrania wakajifulia panga na mikuki. Basi kila Mwisraeli aliyetaka kunoa jembe lake au shoka lake alishuka kwa Wafilisti, akatoa fedha, akangoja zamu yake. Mawe ya mizani ya ada ile yamefukuliwa katika nchi ile. Yameandikwa jina lake, pim, na uzito wake ni kati ya gramu 7 na 8. Ni kipande kidogo cha fedha, wala sidhani kama palikuwa na mkulima aliyelia kwa kukitoa. Walakini siku ya vita ilipofika, jeshi zima lilisimama mikono mitupu, isipokuwa mfalme na mwanawe.

Somo hili tumelikumbuka kwa ajili ya fundi mmoja wa simu na kompyuta, ambaye kibanda chake kiko kando ya barabara huku kwetu Karagwe, nasi tumezoea kuketi naye kidogo siku za gulio. Jina lake hatulitaji, maana hapendi. Mtu huyu si msomi wa vyuo vikuu. Alijifunza kazi kwa kukaa miguuni pa fundi mwingine, kama mshona viatu ajifunzavyo. Lakini kila siku hushika mikononi mwake vitu ambavyo sisi sote twavitumia na hatuvijui, naye ana mawazo yake juu ya vitu hivyo. Twaona yafaa tuyapime mawazo hayo kwa Neno la Mungu, mengine tuyakubali, mengine tuyakatae.

Kwanza na ikumbukwe ya kuwa nchi yetu haikuwa kama ile ya Sauli. Mwaka 1978 wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, waliutangazia ulimwengu ya kwamba wahunzi wa upande wa Ziwa, huko Bukoba, waliyeyusha chuma kwa ustadi mwingi yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Na hapa Karagwe, miongoni mwa vitu vya enzi vya wafalme wa Bweranyange walikuwamo ng'ombe waliofuliwa kwa chuma, pembe zao ndefu zimepindwa kama za ng'ombe wetu walio hai. Speke na Grant walikaribishwa na mfalme Rumanyika mwaka 1861, na Stanley mwaka 1876. Wageni hao hawakuikuta nchi isiyo na mafundi. Jembe lilipovunjika, lilitengenezwa kijijini, na aliyelitengeneza alijulikana kwa jina la baba yake.

Leo jembe letu la pili ni simu. Kwa simu mkulima wa Nkwenda auliza bei ya kahawa. Kwa simu mama wa Kaisho apokea fedha za mwanawe aliye Mwanza, tangu huduma za namna hiyo zilipoanza nchini mwaka 2008. Tena wako watu wa kwetu wenyewe waliovitumia vyombo hivi kwa faida ya jirani. Ndugu Joseph Sekiku na wenzake wa FADECO waliwasha redio ya jamii hapa Karagwe mwaka 2007, mkulima apate kusikia habari za migomba yake kwa sauti anayoifahamu. Hatuandiki, basi, ili kuvilaani vyombo. Twauliza tu: kikiharibika, tunashuka kwa nani?

Fundi wetu asema hivi: kitu usichoweza kukifungua si chako, umekikodi tu. Hutuonyesha simu mbili. Ya kwanza ni ile ndogo ya vitufe, ambayo watu huiita kitochi. Kifuniko chake hufunguka kwa ukucha, betri hutoka, na betri nyingine yapatikana dukani. Ya pili ni pana, ya kioo kitupu, imegandishwa kwa gundi pande zote. Hata kubadili betri sharti aipashe moto polepole, asipasue kioo. Asema waliotengeneza ile ya pili hawakumfikiria mtu wa Mabira. Katika neno hili twamwona ana haki, ingawa hatuthubutu kuwaita watengenezaji hao Wafilisti. Wafilisti walikataza uhunzi kwa hila. Hawa wa leo huenda hawakukumbuka tu ya kuwa kuna vijiji. Lakini mtu wa kijijini aumia sawasawa.

Naye aliyekwepa gharama kwa kununua cha bandia aliumia zaidi. Mtakumbuka ya kuwa mwezi wa Juni mwaka 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizizima simu bandia katika nchi yote, na watu wakaamka wakiwa na vipande vya plastiki mifukoni. Fundi huwafundisha wateja wake wabonyeze *#06# kabla ya kulipa, ionekane namba ya simu yenyewe, kisha walinganishe na ile iliyoandikwa juu ya boksi. Ni jambo la nusu dakika.

Neno lake la pili lilitufurahisha. Asema simu nyingi ziletwazo kwake haziumwi. Tundu la chaji limejaa vumbi la barabara na nyuzi za mfukoni. Yeye huchukua kijiti cha mti na brashi kuukuu ya meno, akasafisha, nayo ikapona. Hapo ndipo kazi ya fundi inapojaribiwa. Mwenye simu hajui. Amekwisha kukata tamaa, na akiambiwa kwamba kifaa fulani cha ndani kimekufa na bei yake ni hii, atatoa fedha na kushukuru. Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 25, yamkataza mtu kuwa na mawe mawili katika mfuko wake, kubwa na dogo. Nasi twasema ya kwamba fundi mwenye bei moja kwa ajuaye na bei nyingine kwa asiyejua amebeba mfuko ule ule, ijapokuwa ndani yake mna bisibisi. Vijana wetu wanaojifunza kazi hii husikia mahubiri mengi juu ya ulevi. Juu ya tundu la chaji hawajasikia hata moja.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu.

Mtu mmoja, mshirika mwenye heshima, alimletea fundi simu ya mkewe. Haikuwa mbovu. Alitaka ifunguliwe, asome yaliyomo, mke asijue. Fundi akakataa. Yule akaongeza fedha, mara mbili, kisha mara tatu ya bei ya kazi. Fundi akamwambia, "Baba, mlete mama mwenyewe aifungue hapa mbele yako, nami sitakutoza hata senti." Yule akaichukua simu akaondoka kwa hasira, na tangu siku ile hapiti tena mbele ya kibanda.

Tuliposimulia habari hii mbele ya wazee kadhaa wa kanisa, hawakukubaliana. Mmoja alisema mume na mke ni mwili mmoja, basi simu ya mke ni simu ya mume, na fundi hana ruhusa ya kuingia katikati. Hoja hii ina nguvu, wala hatupendi kuipuuza. Lakini tukiisha kuipima, twaona yamwangukia huyo huyo aliyeitoa. Kama ni mwili mmoja, je, mkono wa kuume humwajiri mgeni aupekue mkono wa kushoto usiku? Ana kinywa, na aulize. Akiogopa jibu, ana mchungaji. Kinachovunjika katika nyumba ile hakimo ndani ya simu, wala hakuna bisibisi itakayokifikia.

Tena fikirini ni kitu gani kinachowekwa juu ya meza ya fundi. Zamani mtu aliyepeleka jembe kwa mhunzi alipeleka chuma tu. Leo apeleka barua zake zote, picha za watoto wake, deni lake, ugonjwa wake, na ufunguo wa fedha zake. Ikiwa ni simu ya mwinjilisti, mna humo maombi ya watu waliomwomba awakumbuke mbele za Mungu kwa mambo wasiyotaka jirani ayajue. Haya yote ni amana. Mchungaji aliyesikia ungamo hufungwa kinywa mpaka kaburini. Fundi naye, twasema, amefungwa kwa kamba iliyo sawa na hiyo, hata kama hakuna aliyemwekea mikono. Luther, mwaka 1520, aliwaandikia wakuu wa nchi yake ya kwamba mshona viatu, na mhunzi, na mkulima, kila mmoja ana kazi yake na huduma yake, na hata hivyo wote ni makuhani. Sisi Walutheri twapenda kulitaja neno hilo siku ya Matengenezo ya Kanisa. Tukilisadiki, basi kile kibanda cha mabati ni mahali pa huduma, na kijana aliyeketi ndani yake apaswa kuombewa kama tumwombeavyo mwalimu wa shule ya Jumapili.

Katika neno moja twatofautiana naye. Yeye husema chombo hakina dhambi; dhambi ni ya mtu. Ni kweli ya kwamba chuma hakitubu. Lakini kila chombo kilifanywa na mtu mwenye nia yake, na nia hiyo hukaa ndani ya chombo kama harufu ikaavyo katika chungu. Jembe lilifanywa ili liingie ardhini, na likiisha kulima hunyamaza pembeni. Simu ya kioo imefanywa pia ili jicho lisiondoke. Mtoto akilala nayo mkononi, haitoshi kumlaumu mtoto. Tulipomwambia hivi alicheka, akasema yeye mwenyewe huiacha simu yake kibandani jioni. Basi yeye atenda vizuri kuliko asemavyo, jambo ambalo kwa sisi waandishi ni nadra.

Ndugu zetu wa Kyerwa watatusamehe tukiwasimulia nao. Huko, kando ya mto Kagera, simu huweza kudaka mawimbi ya mnara ulio ng'ambo, upande wa Rwanda, na saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Simu iliyoachiwa ijipangie wakati yenyewe yaweza kurudi nyuma usiku, na mwenye nayo akaamka kwa amani, akavaa, akafika kanisani wakati wa baraka. Fundi hutoa sababu kwa maneno machache: simu haijui ulipo, yaujua mnara tu. Tumeyarudia maneno hayo mara nyingi moyoni. Dawa yake iko ndani ya simu yenyewe, mahali pa kupangia tarehe na saa: zimeni ile ya kujipanga yenyewe. Kengele ya kanisa, kwa upande wake, haina mnara.

Liko na jambo la mashamba. Betri ya simu iliyovimba haitobolewi, wala haitupwi motoni, maana hulipuka. Na betri kubwa za umeme wa jua, zile zenye maji makali, ndani yake mna risasi, ambayo ni sumu. Kuivunja katikati ya migomba ni kuwalisha watoto sumu kwa ndizi za baba yao. Zirudisheni kwa aliyewauzia, na akikataa, ziwekeni mahali pakavu mbali na watoto mpaka apatikane wa kuzipokea.

Mwisho twawaomba wazazi. Tumesikia mzee akimwambia mwanawe ya kuwa kushika bisibisi ni kazi ya walioshindwa shule. Mzee huyo huyo, simu yake ilipozima siku ya mavuno, alimtuma mtoto mbio kwa miguu akamtafute fundi kabla jua halijachwa. Fundi wetu ana wanafunzi wawili sasa, mvulana na msichana, nao huanza na brashi ya meno kwa muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kushika risasi ya kulehemia.

Ametuomba tuwafikishie wainjilisti maneno haya, nasi tuliahidi. Mkileta simu kwake, au kwa fundi yeyote, itoeni laini kwanza mbaki nayo ninyi wenyewe. Namba ya siri ya fedha msimwambie, hata akiiuliza kwa upole. Kazi ya kutengeneza simu haiihitaji. Mkiweza, ketini pale pale mpaka amalize, benchi lipo. Na wale wasomao Zaburi katika simu madhabahuni, waijaze chaji siku ya Jumamosi.