Ukate au Uhifadhi?

Kitu kilichotengenezwa ili kitumike, ukikiweka bila kukitumia, umekitunza ama umekinyima kazi yake? Mimi nilisomea biashara, na huko tulifundishwa hesabu ya uchakavu: gari likitoka tu dukani, thamani imeanza kushuka. Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini humfanya mtu aogope kugusa mali yake. Ndiyo maana nyumba zetu nyingi zina kabati la vioo lenye sahani ambazo hazijawahi kuona ugali. (Kwetu pia liko, na nimeambiwa nisiliguse.)

Sasa fikiria meli ya karatasi. Sisemi zile tulikuwa tunakunja na kuachilia kwa maji ya mvua. Kule Poland kuna jarida, Mały Modelarz, lililoanza mwaka wa 1957. Kurasa zake zimechapishwa vipande vyenye namba: unakata, unakunja, unagandisha kwa gundi. Ndani kuna mkuku na mataruma kama ya jahazi, ila ni ya kadibodi. Kwa kipimo cha 1:300, manowari kama Błyskawica, ambayo yenyewe ina mita 114 na ni makumbusho pale Gdynia tangu 1976, inakuwa sentimita 38 tu.

Shida iko hapa. Ukikata, ukurasa umeisha. Usipokata, huna meli, una karatasi. Na hata ukishaijenga, jua linapausha rangi na kugeuza karatasi ya bei rahisi kuwa manjano, unyevu unaikunja, mende wanakula gundi. Makumbusho mengi huweka vitu vya karatasi kwenye mwanga hafifu, kama laksi 50, kisha huvirudisha gizani. Giza haliponyi, linachelewesha tu. Mwanga unaokuwezesha kuiona ndio unaoila.

Mama mmoja tunayeabudu naye, mjane wa baharia, alikuwa na hili swali nyumbani kwake. Marehemu aliacha meli moja aliyoijenga, na kurasa za nyingine ambazo hakuwahi kuzikata. Mama alikuwa amefunga zote kwa nailoni, chini ya kitanda. Wajukuu walitaka kuzishika. “Pasta,” aliniambia, “vidole vyake viko hapo.”

Sikuwa na haraka ya kumjibu, kwa sababu huo si uchoyo. Lakini naona vitu hivyo viwili havifanani. Kwenye ile meli vidole viko kweli, na hakuna kiwanda kitakachotoa nyingine kama hiyo. Kwenye zile kurasa kuna nia tu: alizinunua akate. Kuziweka nzima ni kulinda karatasi na kuacha nia yake ife. Yule mtumishi aliyezika talanta, kumbukeni, aliirudisha bila hata mkwaruzo.

Nailoni ilitoka kwanza, maana inafungia unyevu ndani. Meli iko kwenye sanduku la kioo, ukuta usiopigwa na jua, na kitambaa juu. Wageni wakija kinaondolewa. Kurasa tulizipeleka saiba zikatolewa nakala kabla ya makasi, kwa sababu mtoto wa miaka tisa lazima atakosea mahali, na bima ni bima. Nilipopita juzi mkuku ulikuwa umesimama na mataruma manne, na mwenye kushika gundi alikuwa nyanya mwenyewe.