Mwanafunzi, swala tano ndiyo ratiba yako

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW). Rehma na amani zimfikie Mtume Muhammad (SAW), ahli zake na maswahaba zake.

Kila inapokaribia Novemba, vijana wetu wa kidato cha nne huwa katika hali ya kutia huruma. Hawalali, hawali vizuri, na wengine Alfajiri inawapita kwa kuwa walikesha na vitabu. Ukiwauliza, watakwambia ni hofu ya mtihani.

Ndugu msomaji, aghalabu hofu hii haitokani na ugumu wa masomo peke yake. Inatokana na kazi ya miaka minne kulundikwa katika wiki nne.

Anas bin Malik (RA) amepokea, katika Sahihi Bukhari, kwamba Mtume (SAW) alikuwa akikithirisha kujikinga kwa Allah na wasiwasi na huzuni. Katika dua hiyo hiyo akajikinga pia na unyonge na uvivu. Tuzingatie: wasiwasi umetajwa jirani na uvivu. Anayeiomba dua hii asubuhi, kisha akashinda kijiweni au kwenye simu hadi Magharibi, ameomba kwa ulimi na kuikanusha kwa vitendo.

Apange vipi siku yake? Surat An-Nisaa, aya ya 103, inatufundisha kuwa swala imewekewa nyakati maalumu. Basi siku ya Muislamu imeshagawanywa. Baada ya Alfajiri akili imetulia. Hapo asome somo linalomsumbua zaidi. Baada ya Alasiri asaidie nyumbani na apumzike. Kati ya Magharibi na Isha kuna saa moja na ushee, arudie aliyofundishwa siku hiyo. Baada ya Isha asome kidogo, kisha alale. Salman (RA) alimzuia Abu Dardai (RA) asikeshe hata kwa ibada, akimkumbusha kuwa nafsi yake ina haki juu yake, na Mtume (SAW) akamsadikisha. Seuze kukesha kwa fizikia?

Wazazi nasi tujihesabu. Binti anayetoka shule akapokewa na ndoo, jiko na mtoto wa kubeba, huku kaka yake amekaa na daftari, tunamdai matokeo ya muda gani? Ratiba haipangwi na asiyemiliki saa hata moja.

Na tukiri kuwa si kila hofu huondoka kwa ratiba. Kijana akikosa usingizi wiki nzima, akijitenga, au akisema maisha hayana maana, tusikimbilie kumwita mvivu wala kusema ana jini. Tukae naye, tumsikilize, tumuombee na tumpeleke hospitali. Kutafuta dawa ni katika Sunna.

Mwanafunzi ameamrishwa juhudi; matokeo yako kwa Allah. Aliyelijua hilo na akazilinda swala zake, ataingia chumba cha mtihani moyo ukiwa umetulia.

Wabillahi tawfiq.