Kipimo Kipi, kwa Titi Lipi

Wanangu, mkikutana saluni au kwenye vikao vya harusi nawasikia mkishindania kipimo bora cha titi. Mmoja anaisifu MRI, kile kipimo cha sumaku, kwa ukubwa wa bei yake, mwingine anang'ang'ania altrasaundi kwa kuwa haina mionzi. Swali hilo mmelianzia mkiani. Anzeni na titi lenyewe: la mtu wa umri gani, lina dalili gani, na kwenye ukoo nani aliwahi kuugua.

Titi la msichana limejaa tezi, mafuta yake machache. Kwenye mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi, mafuta hutoka meusi, tezi nyeupe, na saratani nayo nyeupe. Kusaka uvimbe kwenye titi zito namna hiyo ni kama kumsaka yangeyange katikati ya shamba la pamba. Ndiyo maana binti wa miaka 25 aliyegusa donge akiwa anaoga huanzishiwa altrasaundi. Anapakwa jeli ya baridi, kifaa kinapitishwa taratibu titi zima mpaka kwapani, na mawimbi ya sauti yanajibu jambo ambalo mamogramu hukwama kulijibu: donge hili ni maji au ni nyama? Vifuko vya maji vingi havina shari. Donge la nyama lenye kingo zisizo laini linataka sindano.

Hapo kwenye sindano nisikilizeni vizuri. Picha, hata itoke kwenye mashine ya bei gani, hushuku tu. Anayethibitisha saratani ni mtaalamu wa maabara anayekitazama kwa hadubini kinyama kilichotolewa kwa sindano hiyo. Tumewazika kina mama waliokimbia sindano kwa kutishwa kwamba itausambaza ugonjwa. Maneno hayo msiyape nafasi majumbani mwenu.

Mkifika miaka 40, ulizeni habari za mamogramu hata kama hamuumwi popote. Hicho ndicho kipimo cha picha kilichojaribiwa kwa maelfu ya wanawake, miaka na miaka, kikaonekana kupunguza vifo. Huziona chembe za chokaa zisizoshikika kwa kidole, ambazo pengine ndizo ishara ya kwanza kabisa, na ambazo altrasaundi mara nyingi huzipita. Marekani, jopo lao la kinga lilishauri mwaka 2024 kwamba wanawake wa miaka 40 hadi 74 wapimwe kila baada ya miaka miwili. Mtatishwa kwamba inauma. Kweli titi linabanwa kati ya mabamba mawili, lakini ni kwa sekunde chache, na linabanwa ili tezi zitandazike zisifunikane na mionzi itumike kidogo. Mionzi yenyewe hailingani hata na ile tunayoipata kwa miezi miwili ya kuishi tu hapa duniani. Nendeni wiki inayofuata hedhi, matiti yakiwa hayajajaa. Siku hiyo msipake poda wala dawa ya kwapa, maana huweza kutokea kwenye picha zikafanana na zile chembe za chokaa.

MRI nayo ina watu wake. Unalala kifudifudi, matiti yananing'inia kwenye matundu mawili, unatiwa dawa mshipani, mashine inagonga kwa kelele. Inaona kuliko zote, na kwa kuona sana inaokota hata yasiyo saratani, ukachomwa sindano bure. Aliyerithi kasoro ya jeni za BRCA, ile inayoongeza hatari ya saratani ya titi, anaihitaji. Uholanzi nako, utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha faida kwa wenye matiti mazito kupindukia: saratani zilizojitokeza katikati ya vipimo zilikuwa 2.5 kwa kila wanawake 1,000 walioalikwa MRI, dhidi ya 5 kwa wenzao waliobaki na mamogramu peke yake. Kamera za joto zinazotangazwa kuwa hazigusi wala haziumi msizifanye badala ya kipimo chochote kati ya hivi.

Wagonjwa wengi wanaofika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hufika ugonjwa umeshakomaa. Kwa hiyo, mwanangu, picha ikisomwa safi nawe donge bado unaligusa, rudi. Mwambie daktari, “Hapa, shika hapa,” na usitoke mpaka amelishika. Picha za zamani na majibu yake zitunze pamoja na vyeti vyako vya shule, uende nazo kila safari. Msomaji akiweka ya leo kando ya ile ya mwaka juzi huona badiliko ambalo picha moja isingemwonyesha.